San Andreas na Uhuru wa Kukataa

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo wa video wa Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa na kampuni ya Rockstar Games mwaka 2004, ulijiuza kweli: hakuna mchezo wa PlayStation 2 ulionunuliwa zaidi yake. Katika vibanda vya gemu vya Nyeri, Karatina na Nanyuki, wapo vijana waliokulia chini ya Mlima Kenya ambao waliukwea Mlima Chiliad wa kwenye skrini kabla ya kuukwea wao wenyewe. Je, mchezo huu unastahili sifa unazomiminiwa?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa upande wa mandhari, sifa hizo ni halali. Wabunifu wake walisawiri jimbo zima lenye miji mitatu, mashamba, jangwa na mlima. Mhusika mkuu, Carl Johnson, anarejea Los Santos mwaka 1992 baada ya mamake kuuawa. Akila kupita kiasi hunenepa. Akifanya mazoezi hukakamaa. Tenpenny, afisa wa polisi aliyejaa ufisadi, anapoponyoka mkono wa sheria, jiji linalipuka kwa ghasia, nao ni mwangwi wa yaliyotukia Los Angeles mwaka huohuo. Anayeuita mchezo huu upuuzi wa watoto hajautazama kwa jicho la uhakiki.

Hata hivyo, mashabiki wake huusifu zaidi kwa jambo jingine, nalo ni uhuru. Hapo ndipo hoja yao inapochechemea. Uhuru wa San Andreas ni wa miguu na magurudumu. Mchezaji anaweza kwenda karibu kokote, lakini hawezi kuamua lolote lenye uzito. Hawezi kumsamehe Big Smoke, rafiki aliyemsaliti. Akikataa kazi ya kumwaga damu, hadithi husimama ikimsubiri atii.

Mwanafunzi wa fasihi aliye Nyeri hana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo. Dedan Kimathi alishtakiwa katika mji huo Novemba 1956. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambayo kwa Kiswahili ni Mzalendo Kimathi, inamsawiri akiwa kifungoni, asiweze kwenda kokote. Anajaribiwa mara nne, na mara zote nne anakataa. Uhuru wake umo katika kukataa huko.

Huenda mpinzani akadai kuwa hata hadhira ya tamthilia haichagui mwisho. Ni kweli, lakini tamthilia haikuiahidi hadhira yake uchaguzi, ilhali San Andreas imesifiwa kwa ahadi hiyo hasa. Wala teknolojia ya wakati huo si kisingizio: mchezo wa Fallout wa mwaka 1997 ulikwisha kumruhusu mchezaji kumshinda adui mkuu kwa hoja badala ya risasi.

Basi San Andreas ipewe sifa za mandhari na inyimwe za uhuru. Suala hili linawahusu wanataaluma wa Kiswahili, kwa kuwa kijana anayelipia dakika zake kibandani anajifunza humo pia maana ya maneno. Neno uhuru lilimwagiwa damu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Halifai kupewa mchezo usiomruhusu mtu kusema la.