Ua Linaloliwa

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wapo bado wanaouliza kuna simba wangapi. Wenyeji wa uwanda ule, ulio kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hupaita Bustani ya Mungu, na jina hilo tamu, kwa maoni yangu, limetupotosha: bustani ni mahali pa kutazamwa.

Mvua za masika zikikolea, kwenye nyasi zenye majimaji huchomoza Disa ornithantha, okidi ya ardhini yenye maua mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa. Mpiga picha huinama, hupiga, huondoka. Ua hilo, hata hivyo, ni wiki chache tu za maisha ya mmea. Sehemu kubwa ya mwaka okidi hii ni kiazi kilichojificha udongoni. Kiazi cha zamani hulisha shina la msimu huu na kunywea. Pembeni yake hujengeka kipya, ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kipya, kwa kuwa ndicho kilichojaa.

Na wachimbaji wapo, kwa sababu walaji wapo. Kaskazini mwa Zambia viazi vya Disa, Satyrium na Habenaria hukaushwa, vikatwangwa, vikapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vishikane. Mchanganyiko ukipoa hukatwa vipande. Hicho ndicho chikanda, na ni kitamu. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, sasa kinauzwa mijini, na mbuga za huko zilipochakaa wanunuzi wakavuka mpaka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalisema viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka.

Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Lakini gunia la viazi vikavu halina ua la kulitambulisha. Mlinzi aliyefunzwa kumsaka jangili wa pembe atamkamata nani, mama mwenye jembe? Akimkamata, mlaji wa Lusaka bado ana njaa yake, na shimo litahamia kwenye mbuga ya kijiji iliyo nje ya hifadhi, ambako hakuna mlinzi kabisa.

Tunachokitetea katika toleo hili ni kwamba chikanda kitendewe kama zao. Si kazi nyepesi. Mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Porini huota pale tu inapokutana na kuvu wa udongoni anayeilisha. Mkulima wa Makete, jirani na hifadhi, anajua viazi mviringo kuliko wengi wetu, ila hawezi kuupata ujuzi huu wa kuotesha okidi mwenyewe. Maabara za vyuo vyetu vya kilimo zinapaswa kuubeba, na bajeti itengwe kwa jina lake, badala ya kuachiwa fungu la utalii.

Tumeanzia Tunduma, mpakani na Zambia, kwa wachuuzi. Picha za maua ziko kurasa za nyuma.