Je, kuna mtu anaongea Kisuguti?

Haya wadau, leo naomba tuongee kuhusu kanzidata. Msikimbie! Najua sisi waandishi tukisikia neno hilo tunamtafuta haraka kijana wa kompyuta tumwachie. Lakini anayechora majedwali ya kanzidata ndiye anayeamua wewe ni nani kwenye mfumo, na mara nyingi anaamua akiwa Dar, peke yake, usiku, na kikombe cha kahawa.

Chukua Suguti. Kwa mtu wa Musoma Vijijini Suguti ni kata, mahali unapoweza kwenda ukarudi. Kwa wanaisimu Suguti ni jina la kundi la lugha: Kijita, Kikwaya na Kikara. Sasa nenda Majita ukamuulize bibi yeyote kama anaongea Kisuguti. Atakuangalia tu. Yeye anaongea Kijita, basi. Jina la kundi lipo kwenye vitabu, kinywani mwa watu halipo.

Mwaka 1977 John Miles Smith na Diane Smith walichapisha makala iliyotenganisha namna mbili za kupanda kutoka kitu kimoja kwenda kitu cha jumla zaidi. Ya kwanza ni ya "ni aina ya": Kijita ni aina ya lugha ya Suguti, nayo ni aina ya lugha ya Kibantu. Ya pili ni ya "ni sehemu ya": kitongoji ni sehemu ya kijiji, kijiji ni sehemu ya kata, kata ni sehemu ya wilaya. Kwa macho zote ni ngazi, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kwenye ngazi ya kwanza, lililo kweli kwa kundi zima ni kweli kwa kila mwanakundi. Kwenye ya pili sivyo: mkoa una mkuu wa mkoa, kijiji hakina.

Mbunifu mvivu anazichanganya. Anaweka mkoa, chini yake wilaya, chini ya wilaya "lugha ya wenyeji". Inapendeza kwenye skrini! Ila Kikara kinaongewa kisiwani Ukara, ambako ni wilaya ya Ukerewe, mkoa wa Mwanza, wakati ndugu zake Kijita na Kikwaya wako Mara. Na ndani ya Mara hiyo hiyo kuna Kikurya na Kizanaki ambazo haziko kwenye kundi la Suguti, na kule Rorya kuna Kijaluo ambacho si Kibantu kabisa. Ni miti miwili tofauti jamani. Dawa yake ni jedwali la tatu la kuunganisha, linalosema tu lugha ipi inaongewa kata ipi. Kazi ya nusu saa.

Swali linalofuata ni upande ngazi hadi wapi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3, kilichotoka 2007, kinaipa kila moja ya lugha hizi msimbo wake: jit kwa Kijita, kya kwa Kikwaya, reg kwa Kikara. Kiswahili chetu chenyewe kina daraja mbili humo: swa ni mwavuli, na chini yake kuna swh na swc, hii ya pili ikiwa ya Kongo. Mimi nasema hifadhi daraja la chini kabisa. Ukiwa na jit unaweza kuhesabu Suguti nzima wakati wowote. Ukihifadhi "Suguti" tu, Mkwaya ameshapotea na hakuna programu itakayomrudisha.

Ngazi za utawala nazo zinahama. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, lakini wilaya ya Butiama imezaliwa 2012, kutoka Musoma. Mwaka huo huo Simiyu na Geita zikawa mikoa. Mfumo ulioandika wilaya kama neno moja kwenye safu ya mtu, bila tarehe ya kuanza na kuisha, unamwambia mzee wa Butiama kwamba yeye ni wa Musoma hadi leo. Halafu karani dirishani anamwambia mzee "taarifa zako hazioani". Za nani hazioani?

Kuna atakayeniambia naleta ukabila. Hapana. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila nchini, na naunga mkono tuendelee hivyo. Lakini muuguzi anayetaka kujua mama mjamzito aelezwe dawa kwa lugha gani anahitaji jibu la kweli, na orodha iliyoandikwa "Kiswahili, Kiingereza, Nyingine" haimpi. Hiyo "Nyingine" nayo ni daraja, la juu kuliko yote, ambako Mjita, Mjaluo na Mchina wanalala kitanda kimoja.

Kwa hiyo vijana mnaotengeneza mifumo, kabla hamjachora jedwali, pandeni basi mpaka Musoma. Waulizeni watu wanajiitaje.