Bei ya Ndege Ambayo Haijachorwa

Tangu Morogoro waanze kuunganisha ndege ndogo za viti viwili aina ya Skyleader, zenye asili ya Jamhuri ya Cheki, hapa Iringa nasikia watu wakiuliza: kwa nini tusibuni yetu wenyewe, na itagharimu shilingi ngapi? Swali la kwanza nalifurahia. La pili laniogofya, maana wapo watakaolijibu kwa tarakimu moja, mpaka senti ya mwisho, kabla wino wa mchoro haujakauka. Nasema wazi: tarakimu ya namna hiyo ni uongo.

Usanifu unapoanza, mhandisi hajui hata idadi ya vipande vya ndege yake. Anajua machache: abiria wangapi, mwendo gani, uzito kiasi gani. Hayo huyalinganisha na ndege zilizokwisha kujengwa, kama fundi wa Mafinga anavyotazama ukubwa wa nyumba akakisia mbao za paa. Makisio hayo ni halali, mradi yatajwe kuwa makisio: si chini ya hapa, si zaidi ya pale.

Ipo na hila ya pili. Mwaka 1936 Mmarekani T. P. Wright alionyesha kwamba idadi ya ndege zinazojengwa ikiongezeka maradufu, wastani wa kazi ya mafundi kwa kila ndege hushuka hadi kama asilimia 80. Ndege moja ikila saa 10,000, wastani wa ndege mbili ni 8,000, na wa nne ni 6,400. Basi anayetaka bei ionekane ndogo hudai tu kwamba atauza mia. Wanunuzi wako wapi?

Waingereza na Wafaransa, mabingwa wa kazi hiyo, mwaka 1962 walikadiria kuibuni Concorde kwa pauni milioni 150 hadi 170. Gharama ilipita bilioni moja, na ni ndege 14 tu zilizoingia katika huduma ya abiria.

Miaka yote niliyofundisha walimu chuoni nilipinga desturi ya kumnyima alama mwanafunzi aliyekadiria "kati ya 40 na 60", akapongezwa aliyeandika 51.37 bila kupima kitu. Mtoto huyo akikua ndiye anayetuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tubuni ndege, naam. Lakini mwenye kuleta bei ataje pia kiwango cha shaka yake, na idadi ya ndege alizogawia gharama. Asipotaja, asipewe hata fedha ya karatasi ya kuchorea.