Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe

Mzazi amejifungua, kondo limetoka, mtoto analia. Shuka limelowa, na khanga aliyotandikiwa imelowa pia. Mkunga anatupa jicho, anaandika kwenye faili: mililita 300. Huenda ni 700. Hakuna ajuaye, maana hakuna aliyepima.

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani. Mara nyingi mfuko wa uzazi hulegea badala ya kujikaza na kuibana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Dawa zipo na wakunga wanazijua. Kinachotuponza ni kuchelewa kugundua: mwanamke mwenye afya huweza kupoteza damu nyingi kabla presha haijashuka, na ikishashuka, muda wa kumwokoa umeshaliwa.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023, umemaliza ubishi. Wanawake waliojifungua kwa njia ya kawaida waliwekewa chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili za hatari, tiba zote zilitolewa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kutafuta chanzo na kuita msaada. Kati ya kila wanawake 100 waliovuja damu kupita kiasi, 93 waligunduliwa. Penye utaratibu wa kukisia, waligunduliwa 51. Waliopoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufa kwayo walipungua kwa asilimia 60.

Kupima si jambo geni kwetu. Mkoani Kigoma, miaka ya mwanzo ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kuhesabu khanga: zikilowa mbili, damu imefika takriban nusu lita, mzazi apewe misoprostoli. Ikiwa kipimo kiliwezekana kwenye nyumba ya udongo, hospitali ya wilaya ina udhuru gani? Kuendelea kukisia ni kuandikia mate ilhali wino upo.

Mfuko wa kupimia peke yake hauzuii damu. Hautasaidia kitu iwapo oksitosini imeharibikia kwenye friji isiyo na umeme, au kama dawa zimefungiwa kabatini na funguo anazo aliyekwishatoka zamu. Wala hautasaidia pale mkunga mmoja anapoachiwa wazazi watatu usiku kucha, kisha akalaumiwa kwa uzembe.

Kwa hiyo, halmashauri na kaunti ziuweke mfuko huu kwenye bajeti ya vifaa vya leba, asitumwe mzazi kuununua dukani. Kila chumba cha kujifungulia kiwe na trei moja yenye dawa zote, ikaguliwe kila zamu inapobadilishana. Wahudumu wafanye mazoezi ya dharura mara kwa mara, si semina moja ya hoteli kwa mwaka. Na kikao cha kujadili kifo cha mzazi kianze na swali hili: damu ilipimwa, au ilikisiwa?