Tusihamishe akiba ya kooperative juu ya zawadi



Kuko swali moja tunalosikia karibu kila fasi tunapita: «Nyumba ingine ya akiba imefika na zawadi. Tufunge akaunti yetu ya zamani, twende kule?» Zawadi zenyewe munazijua. Kufungua akaunti bila kulipa. Mwavuli na tishoti. Miezi ya kwanza bila makato. Wakati mwingine dola kidogo zinaongezwa kwa akaunti kama kikundi kinaleta feza nyingi siku ya kwanza. Hata kwa feza ya simu ni vile vile: unafungua akaunti mupya, unapewa bonusi.

Maoni yetu ni haya: kupokea zawadi haiko mubaya, na kila kikundi kiko huru kuchagua fasi ya kuweka feza yake. Lakini kooperative isihame juu ya zawadi tu. Zawadi inatolewa siku moja. Akaunti inatumika musimu kisha musimu.

Juu ya nini wanatoa zawadi?

Benki, COOPEC na nyumba zingine za mikopo midogo zinafanya kazi na feza ya wenye kuweka akiba. Feza munayoweka, wanalipa faida kidogo juu yake, ao hawalipi kitu. Kisha wanaikopesha kwa riba inayohesabiwa kila mwezi. Ndiyo maana kikundi chenye akiba ni mukiriya mwenye bei kwao. Mwavuli si huruma. Ni bei wanayolipa ili wapate feza yenu ya kufanyia kazi.

Hakuna ubaya hapo, ni biashara. Lakini kama wanapiga hesabu zao, na sisi tupige zetu.

Hesabu ya mufano

Tuseme kooperative inataka mukopo wa dola 2.000 kwa miezi 6, ili kununua mbegu za maharagi na mahindi za musimu wa A. Nyumba ya zamani inajua kikundi tangu miaka 3, inakubali riba ya 2,5% kwa mwezi. Nyumba mupya haiwajue, inaomba 3%. Nusu ya asilimia inaonekana kidogo. Lakini juu ya dola 2.000 ni dola 10 kila mwezi. Kwa miezi 6, kama riba inahesabiwa juu ya mukopo muzima, ni dola 60.

Ongezeni fungu la kuingia, dola 10. Kufunga akaunti ya zamani, dola 5. Wasinyaji watatu wanapanda pikipiki mara mbili kwenda mujini, dola 5 kila mutu kila safari: dola 30. Jumla ni dola 105.

Sasa muhesabu faida. Zawadi ya dola 20, na miezi 6 bila makato ya dola 2: dola 12. Jumla ni dola 32. Basi kikundi «kilichopata zawadi» kimepoteza dola 73. Hizi ni namba za mufano. Wekeni zenu, maana zinaweza kutoa jibu lingine. Lakini mupige hesabu hiyo mbele ya kuhama, si kisha.

Kuko pia kitu ambacho hakiandikwe katika hesabu hiyo: wakati. Nyumba nyingi zinataka kwanza kuona akaunti ikitembea miezi fulani, feza inaingia na kutoka, ndipo zikopeshe. Kikundi kinachohama mwezi wa 7 kinaweza kufika mwezi wa 9 bila mukopo. Mvua haingoje dosye. Na kama ni kooperative ya kahawa, inajua hatari yake: siku kahawa mbivu inafika kwa kituo na kesi iko wazi, wamemba wanauzia wachuuzi wanaopita na feza mukononi, kwa bei ya wachuuzi.

Ile historia ya akiba yenu, miaka mwaweka kidogo kidogo na kulipa mikopo kwa siku yake, ni mali. Haiingie katika mufuko wa kuhamia. Ukifunga akaunti, unaiacha pale.

Zawadi ni ya nani?

Hapa tunataka kusema wazi, maana ndipo vikundi vinaharibika.

Zawadi inayotolewa juu ya akiba ya kooperative ni mali ya kooperative. Haiko ya prezida, haiko ya gerant, haiko ya mushika kesi. Kama agenti anatoa simu kwa «mwenye kuleta kikundi», ile simu imelipwa na akiba ya wamemba wote. Iandikwe katika buku ya mali, wamemba waambiwe. Kiongozi anayeificha amekwisha kuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka kikundi kihame, na sababu yake si yenu.

Angalieni tena sinyature. Akaunti mupya inahitaji wasinyaji wapya. Ni nafasi nzuri kwa mutu mwenye nia mubaya kujiandikisha peke yake, ao pamoja na ndugu yake. Tunaomba wasinyaji wasipungue wawili, watatu ni muzuri zaidi, na wasitoke nyumba moja. Majina yao yaandikwe katika PV ya mukutano mukuu, si kwa meza ya agenti.

Sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyopitishwa mwaka 2010 na inayofuatwa katika inchi yetu tangu 2012, inaweka wamemba juu ya viongozi na inaomba kuwe watu wa kuangalia kazi ya komite. Kuhamisha akiba yote ni jambo la kupeleka mbele ya wamemba. Watu wa uangalizi waombe kuona karatasi za nyumba zote mbili.

Wakati kuhama ni kwema

Hatusemi mubakie fasi moja hata kama munateswa. Kama munaenda kutoa feza yenu na munaambiwa «murudi wiki ijayo» mara mbili, mara tatu, muhame. Kama hawatoe risiti, ao buku yenu haipatane na yao, muhame. Kama mutu wa mikopo anaomba kitu mbele ya kupitisha dosye, muhame. Kama nyumba haina ruhusa ya Benki Kuu ya Congo, musingoje: ni Benki Kuu inayotoa ruhusa kwa COOPEC na kwa nyumba za mikopo midogo, na muko na haki ya kuomba kuona ile karatasi. Wazee wetu wanakumbuka Bindo ya Kinshasa ya mwaka 1991, iliyoahidi faida kubwa sana na kuacha watu mikono mitupu. Ahadi kubwa bila karatasi ni ya kuogopa.

Mwaka 2025 ulitufundisha pia jambo lingine. Wenzetu wa Goma, kisha wa Bukavu, waliona milango ya benki ikifungwa. Feza iliandikwa kwa akaunti, lakini kuishika ilikuwa shida. Basi swali la kwanza si «wanatoa nini tukiingia?» Ni «tutatoa feza yetu namna gani siku tunaihitaji?»

Kuko pia njia ya katikati. Chukueni karatasi ya zawadi ya nyumba mupya, muende nayo kwa nyumba ya zamani. Museme kwa heshima: «Tuko na miaka 3 hapa, hatujachelewa kulipa. Wenzenu wanatupa hivi. Ninyi munaweza kupunguza nini?» Mara nyingi makato yanaweza kushuka, ao riba. Kikundi kinacholipa vizuri kiko na nguvu ya kuuliza, lakini vikundi vingi haviitumie.

Mbele ya kusinya, mujibu maswali haya katika mukutano:

1. Makato ya kila mwezi ni ngapi kisha miezi ya bure kuisha?
2. Riba ya mukopo ni ngapi, na inahesabiwa juu ya mukopo muzima ao juu ya deni linalobakia?
3. Tutangoja miezi ngapi mbele ya kukopa?
4. Fungu letu la nyumba ya zamani litarudishwa lini, na tuko na mukopo wowote haujaisha kule?
5. Kutoa feza kunaomba nini: umbali, siku, makato?
6. Kama tukiondoka mbele ya mwaka kuisha, zawadi inarudishwa?
7. Zawadi itaandikwa wapi, na nani atasinya akaunti?

Kama majibu ya yote saba ni mazuri, muhame na mupokee mwavuli bila haya. Kama agenti hawezi kujibu, ao anasema «musinye kwanza, tutaelezana kisha», mumushukuru na mumuache aende. Tunaomba kila kooperative iweke jambo hili katika mukutano wake unaofuata, mbele ya mikopo ya musimu kuanza. Na wamama wanaoshika buku za MUSO na AVEC waitwe mbele siku hiyo, maana wao ndio wanajua franka ngapi zinaingia na ngapi zinapotea njiani.