Ziwa moja, vitabu vitatu: Hesabu za kimataifa zinamhusu nini mfanyabiashara wa Magara?

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Magara

MFANYABIASHARA wa Magara anayenunua saruji Kigoma na kuuza sabuni Uvira anavuka ziwa moja tu, lakini anakutana na mifumo mitatu ya kuandika hesabu.

Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya hesabu, vinavyojulikana kwa kifupi kama IFRS, tangu Julai 2004. Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara wa OHADA Septemba 2012, na makampuni yake yanafuata mfumo wa SYSCOHADA, ambao toleo lake lililofanyiwa marekebisho lilianza kutumika Januari 1, 2018. Hapa Burundi, kampuni ya kawaida huandika kwa Plan Comptable National, yaani mpango wa hesabu wa taifa.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, na Kongo ikawa mwanachama kamili Julai 2022. Kwa hiyo nchi tatu za pwani hii sasa ziko katika soko moja. Ushuru unazungumzwa kila siku, na hali mbaya ya barabara ya RN3 kati ya Bujumbura na Rumonge, hasa ziwa linapofurika, kila dereva anaijua. Suala la vitabu halizungumzwi sana, na wengi huliona ni la wakubwa wenye ofisi mjini. Ukweli ni kwamba linamfikia hata mwenye boti moja, na mlango wake wa kwanza ni benki.

Mwaka 2012, KCB ya Nairobi na CRDB ya Dar es Salaam zilifungua kampuni tanzu Bujumbura. Hesabu za tanzu hizo huunganishwa na za makao makuu, ambako IFRS ni lazima. Tangu Januari 2018 kiwango cha IFRS 9 kinaitaka benki itenge fedha za kufidia hasara inayotarajiwa tangu siku inapotoa mkopo, bila kungoja mteja ashindwe kulipa. Fedha hizo zinapunguza faida ya benki. Mteja asiye na rekodi ya mauzo wala madeni anahesabiwa kuwa wa hatari zaidi, na hulipia hatari hiyo kwa riba, kwa dhamana kubwa, au kwa kukosa mkopo kabisa. Ndiyo maana afisa mikopo anauliza daftari kabla ya kuuliza nyumba.

Mlango wa pili ni bei ya dola. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi (BRB) ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa, lakini pengo kati ya kiwango rasmi na cha mtaani halikwisha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ananunua bidhaa za dola 1,000. Kiwango rasmi ni FBu 3,000, lakini dola zilimfikia kwa FBu 6,000. Anauza bidhaa zote kwa FBu 6,800,000. Faida yake halisi ni 800,000. Lakini vitabu vikiandikwa kwa kiwango rasmi, gharama inasomeka 3,000,000 na faida 3,800,000. Kampuni ikitozwa asilimia 30 ya faida hiyo, kodi ni 1,140,000. Hapo amelipa kodi kubwa kuliko faida yenyewe, na tofauti imetoka kwenye mtaji.

Viwango vya kimataifa vimeligusa tatizo hili. Marekebisho ya kiwango cha IAS 21, yaliyoanza kutumika Januari 1, 2025, yanasema kwamba pale sarafu isipoweza kubadilishwa kwa njia ya kawaida, kampuni ikadirie kiwango kinachoonyesha hali halisi, na ieleze wazi jinsi ilivyokadiria. Hii haina maana kwamba mamlaka ya mapato, OBR, italazimika kukubali makadirio hayo. Kodi ina sheria zake. Lakini tofauti inaonekana kwenye karatasi, mbele ya mwenye mali, benki na mbia. Leo hasara hiyo imejificha, na wengi wanagundua tu kwamba kila safari wanarudi na mzigo mdogo zaidi.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba IFRS ni dawa ya kila ugonjwa. Kenya ilivikubali viwango hivyo mwaka 1999. Juni 2006 duka kuu la Uchumi, kampuni ya soko la hisa, lilifunga milango, kisha likafunguliwa upya. Oktoba 2015 likafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania, na waliokuwa wakilipelekea bidhaa kwa mkopo wakabaki na ankara mkononi. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Kenya iliifunga Imperial Bank, iliyokuwa ikitoa hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Ilielezwa kwamba mikopo mikubwa ilikuwa imetolewa nje ya vitabu.

Somo ni kwamba kiwango kinasema namna ya kuandika. Hakiwezi kumlazimisha mtu aandike kila kitu. Kazi hiyo ni ya utawala bora wa kampuni: bodi inayouliza maswali, mkaguzi asiyemwogopa mkurugenzi, na mwenye hisa anayedai majibu. Nchi inayoleta IFRS bila kuleta watu hao inanunua mizani mpya na kumwachia mwizi apime.

Je, mwenye boti au lori afanye nini? IFRS kamili si kwake. Kuna toleo fupi la kampuni ndogo na za kati lililotolewa Julai 2009, na hata hilo ni la wenye mhasibu. Kwenye SYSCOHADA mfanyabiashara mdogo wa Kongo anaruhusiwa kutumia mfumo mwepesi wa fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwenzake wa Magara anaweza kuanzia hapohapo.

Kwanza, atenganishe mfuko wa nyumba na mfuko wa biashara, na ajilipe mshahara unaojulikana. Pili, kila dola iandikwe kwa bei iliyonunuliwa, pamoja na tarehe. Tatu, ahesabu uchakavu. Lori la FBu milioni 120 litakalofanya kazi miaka mitano linakula milioni 2 kila mwezi kabla ya mafuta na matairi; nauli isiyofidia kiasi hicho inamlisha mteja lori lako. Nne, kwenye chama au ushirika, anayetunza fedha asiwe yeye anayeidhinisha matumizi wala anayekagua.

Juni 2023, BRB ilipoondoa noti za zamani za FBu 5,000 na 10,000 kwa kutoa siku kumi tu, walioweka mtaji wote kwenye mfuko nyumbani ndio waliohangaika zaidi. Aliyekuwa na akaunti na rekodi ya mauzo alikuwa na jibu alipoulizwa fedha zimetoka wapi.

Serikali za jumuiya zitaendelea kujadili namna ya kuoanisha hesabu, na huenda ikachukua miaka. Mfanyabiashara hana haja ya kuzisubiri. Wazee walishasema zamani, kabla ya IFRS na OHADA: mali bila daftari hupotea bila habari.