Trekta Halina Kiti cha Mtoto

Baadhi ya familia zetu za mjini zina vishamba vya mapumziko. Likizo ikifika majani yamefika kiunoni, trekta linaitwa kufyeka malisho, na mzazi anampandisha mtoto juu ya madigadi "aonje raha". Sisi tunasema hapana.

Majani marefu huficha mashimo, visiki na vichuguu. Tairi likitumbukia, mtoto huanguka, na nyuma yake kuna visu. Shafti inayoendesha visu hivyo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Dereva hawezi kuwahi. Hata anayetazama kwa karibu yumo hatarini, kwani jiwe likipigwa na kisu huruka mbali.

Sweden iliagiza mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na kinga ya chuma ya kumlinda dereva yakipinduka. Lakini kinga hiyo humfaa aliyefunga mkanda kitini, si aliyening'inia pembeni.

Wengine watauliza: mtoto atajifunzaje kazi? Swali zuri, nasi hatutaki watoto wasiolijua shamba. Basi siku moja kabla, tutembee nao malishoni, waokote mawe na kuchomeka vijiti vyenye vitambaa penye mashimo na visiki. Trekta likishawashwa, wakae nyumbani na mtu mzima.

Wazazi wenzetu, majani yakikatwa huota tena. Watoto ni amana.